Ada ya India Siyo Ada Tu

Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, sasa nyumbani ni India tu: uhandisi wa umeme, miaka minne. Wakala kaleta karatasi ya ada. Hosteli, chakula na tiketi hazimo, na viza ya mwanafunzi hairuhusu kibarua, kwa hiyo pengo lote ni la mzee. Zile kampuni zinazoajiri chuoni? Kazi zake ziko hukohuko India, na mgeni anahitaji viza nyingine. Tena wakala anajisifia NAAC. Hiyo hupima chuo kizima. Kozi moja moja hupimwa na NBA, hapo akanyamaza. Akirudi kuna TCU ya kuitambua shahada, kisha usajili wa ERB. Mzee anataka kuuza kiwanja. Nimemwomba asubiri kwanza jibu la NBA.