USALAMA NYUMBANI: MOTO UKAE NJE, MCHEZO UWE NDANI

Ndugu mtumikaji, na wewe mama mwenye nyumba,

Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya kofia, viatu na mambo ya kujikinga kazini. Leo tuingie nyumbani kwako, saa kumi na mbili jioni, mvua inapiga mabati.

Hapa Walungu baridi si mgeni. Ziwa Kivu pale Bukavu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na milima yetu inapanda zaidi ya hapo. Tangu mwezi wa 9 mpaka wa 5 ni mvua. Mwezi wa 6 mpaka wa 8 mvua inapungua, lakini usiku mbingu iko wazi na joto la udongo linapotea, hata asubuhi meno yanagongana. Tena mwezi wa 7 na wa 8 watoto wako katika mapumziko makubwa ya masomo. Asubuhi na jioni wote wamo ndani.

Tuchukue mfano. Baba yuko zamu ya usiku. Mama ameingiza mbabula ndani, maharagi yanachemka. Mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa kikwembe. Watoto wanne wamo katika chumba kimoja na hawana la kufanya. Mkubwa anamsukuma mdogo, mdogo anakimbia, mguu unagonga mbabula, safuria inamwagika. Watoto hawa si wabaya. Wamekosa mchezo, na moto ndio kitu pekee kinachong'aa chumbani.

HEWA UNAYOIJUA

Wewe mchimbaji unajua kwa nini baada ya kulipua baruti hamrudi galerini mara moja. Moshi wa baruti una hewa za sumu, na lazima zitoke kwanza. Moja ya hewa hizo wataalamu wanaiita monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia katika damu inakamata nafasi ya hewa safi, na mtu analegea bila kujua.

Hewa hiyo hiyo inatoka katika makala ya mbabula yako. Usidanganyike kwa kuwa makala yamekuwa mekundu na hayatoi moshi: hata yakifunikwa na majivu yanaendelea kuitoa. Zamani, Uingereza, wachimba makaa ya mawe walishuka chini na ndege mdogo anayeitwa kanari. Ndege akianguka, watu walikimbia. Mwaka 1986 serikali iliamua kuwaondoa ndege hao na kuweka vyombo vya kupima hewa. Nyumbani mwako hakuna chombo wala kanari. Mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima, basi yeye ndiye anayepigwa mbele.

Dalili ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, kulegea, usingizi usio wa kawaida. Ikiwa watu wengi wa nyumba wanaumwa kichwa pamoja, na nje wanapata nafuu, usiseme ni malaria tu. Fungua milango, toa wote nje kwenye hewa safi, kisha uwalete dispanseri, hata kama wameamka na wanaongea.

«NITAPIKA WAPI?»

Mama atauliza: «Nyumba ni ndogo, mvua inanyesha, moto niupeleke wapi?» Ni swali la haki. Pika barazani chini ya paa, au majirani wawili watatu wajenge pamoja kibanda cha jiko. Ukikosa kabisa, weka mbabula karibu na mlango ulio wazi, dirisha nalo liwe wazi, na mkono wa safuria uelekee ukutani. Kabla ya kulala, mbabula itoke nje. Hakuna «kidogo tu kwa ajili ya baridi». Joto la usiku litafutwe katika nguo: triko, soksi, blanketi, uji wa moto kabla ya kulala.

MICHEZO YA NDANI

Sasa moto uko mbali. Mpe mtoto kazi ya mikono na ya kichwa. Haidai franka.

1. Mpaka wa baruti. Chora mstari kwa chaki, hatua tatu za mtu mzima kutoka mahali pa kupikia. Ng'ambo ya mstari ndipo «baruti italipuka». Mtoto mmoja awe kapita: hakuna anayevuka bila ruhusa yake, hata baba. Mpe zamu yule mtundu zaidi, utaona atakavyolinda.

2. Kuchagua maharagi. Maharagi yetu yana rangi nyingi. Wenye miaka 5 na zaidi wayatenge kwa rangi, wahesabu, wapange mafungu ya kumi kumi. Ni mchezo, ni hesabu, na chakula cha kesho kimechaguliwa. Lakini wadogo wasipewe mbegu. Wanazitia puani, sikioni na kooni. Ikiingia sikioni usimwage maji, kwani mbegu inavimba, mlete dispanseri.

3. Udongo wa mfinyanzi. Finyangeni ng'ombe, lori, nyumba. Tandikeni gunia chini, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

4. Mpira wa majani makavu ya ndizi uliofungwa kwa kamba. Ndani ya nyumba ubingirishwe kwa mkono, wamekaa chini, miguu imepanuliwa.

5. Vitendawili. Hapa hata taa ikizimika mchezo unaendelea. Tungeni vyenu wenyewe. Kitendawili! Tega! «Baba anatoka na jicho moja juu ya kichwa.» Ni taa ya mgodini. Na bibi akiwa nyumbani, muombeni hadithi kwa Mashi. Anazo ambazo masomoni hawazifundishi.

VITU VISIVYO MCHEZO

Baba, angalia mifuko yako. Kapsuli ya baruti ni ndogo kama kalamu, inang'aa, na inaweza kukata vidole vya mtoto au kumpofusha. Kapsuli, waya za kulipulia, na mikebe au bidoni zilizowekwa dawa za kusafishia dhahabu zibaki mgodini. Nguo za kazi zenye vumbi nazo zisilaliwe na watoto.

MTOTO AKIUNGUA

Mwondoe kwenye moto. Vua nguo yenye maji ya moto, lakini iliyoganda kwenye ngozi usiivute. Mwagia kidonda maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Sehemu nyingine ya mwili uifunike asipate baridi. Kisha funika kidonda kwa kitambaa safi na umlete kwetu. Usipake mafuta ya mawese, dawa ya meno, udongo wala mavi ya ng'ombe: vinachafua kidonda. Njoo hata usiku. Hakuna atakayekugombeza.

Ndugu mtumikaji, kazini unangoja hewa isafishwe ndipo uingie. Watoto wako hawana kapita wa kuwazuia mlangoni. Kapita wao ni wewe na mama yao. Leo ukirudi kutoka zamu, kabla ya kuvua viatu, angalia mambo mawili: mbabula iko wapi, na watoto wanacheza nini?

Moto ukae nje, mchezo uwe ndani.

Msaidizi wa mganga, dispanseri ya kambi