Mifumo Myepesi ya Kompyuta na Tatizo la Istilahi "Kumbukumbu"

Istilahi "kumbukumbu" imekwisha kuzoeleka katika maelezo ya Kiswahili kuhusu kompyuta, na makala haya hayakusudii kuiondoa. Kusudi letu ni kueleza aina moja ya mifumo ya uendeshaji, yaani ile myepesi ifanyayo kazi yote ndani ya kumbukumbu bila kuitegemea diski, kwa kuwa mifumo hiyo huidhihirisha kasoro ya istilahi yetu.

Kwa kawaida mfumo wa uendeshaji hukaa katika diski kuu. Kompyuta inapowashwa, sehemu fulani ya mfumo hunakiliwa katika kumbukumbu. Nyingine hubaki diskini na kuchukuliwa kila zinapohitajiwa, mfano wa mtafiti aliyeviacha vitabu rafuni na kuinuka kila atakapo ukurasa. Mfumo mwepesi tunaouzungumzia hauendi hivyo. Mfumo mzima huwa umebanwa katika faili moja au chache. Programu ya kuanzishia huzisoma faili hizo kutoka katika flashi au sahani ya CD, huzitia zote katika kumbukumbu, kisha kiini cha mfumo hujenga humo humo mpangilio wote wa majalada. Tangu hapo flashi yaweza kuchomolewa. Hata diski kuu ikiwa imeharibika, au haimo kabisa, kazi huendelea.

Wepesi wenyewe basi si pambo. Kumbukumbu ni haba kuliko diski, na kila megabaiti inayotwaliwa na mfumo huipunguzia kazi nafasi. Malipo ya ubanifu huo ni kasi: diski ya kuzunguka huhitaji milisekunde kadhaa kukifikia kitu kimoja, hali kumbukumbu huhitaji nanosekunde zisizozidi mia moja hivi. Tofauti hiyo ni ya mara makumi ya maelfu, na ndiyo sababu kompyuta kuukuu, ambayo mwenyewe alikwisha kuikatia tamaa, huonekana kama imefufuka.

Mifumo ya namna hii inayofahamika zaidi imejengwa juu ya kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Zamani za disketi palikuwa na tomsrtbt, uliotoshea katika disketi moja tu. Baadaye ukaja Damn Small Linux, ambao watungaji wake walijiwekea mpaka wa megabaiti 50. Barry Kauler wa Australia alianzisha Puppy Linux mwaka 2003, akaupa jina kwa ajili ya mbwa wake mdogo. Robert Shingledecker, aliyekuwa amefanya kazi katika Damn Small Linux, aliunda Tiny Core, ambao toleo lake dogo kabisa, lisilo na madirisha wala picha, lina kiasi cha megabaiti 20 au pungufu. Wengi wetu tuna tasnifu zilizo nzito kuliko hizo, tukihesabu picha zake.

Sasa tuitazame hiyo kumbukumbu yenyewe. Kila alama iliyomo ni chaji ndogo ya umeme iliyowekwa katika kitundu kinachovuja. Ili chaji isipotee, kompyuta huziandika upya alama zote, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 64, yaani zaidi ya mara 15 katika sekunde moja. Umeme ukikatika, uandishi hukoma na vyote hutoweka.

Je, hiyo ndiyo kumbukumbu kwa Mswahili? Tunasema kumbukumbu za mkutano, na mnara wa kumbukumbu. Wafasiri wa Biblia walikiita kitabu kizima Kumbukumbu la Torati. Katika matumizi yote hayo neno hutaja kitu kilichowekwa ili kisisahaulike. Katika kompyuta tumelipa neno hilo hilo chombo kisahaucho kuliko vyote, na kile kinachoweka kweli tumekiita diski, jina lisiloeleza kazi yake.

Madhara ya jambo hili niliyaona karibu. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akikusanya ngano, akitumia kompyuta isiyo na diski niliyoiwekea Puppy katika flashi. Mfumo huo, unapozimwa mara ya kwanza, humwuliza mtumiaji kama anataka kazi yake ihifadhiwe katika faili. Mimi nilikuwa nimemwambia kwamba kila kitu kimo katika kumbukumbu. Akafikiri kwamba kuhifadhi tena ni kurudia, akajibu hapana. Ngano zilikuwamo katika kanda, lakini maelezo ya bibi msimulizi juu ya maneno ya kale, aliyoyapiga chapa bibi akizungumza, hayakuwamo popote. Aliporudi kwa bibi siku nyingine alipata maelezo mengine, mazuri pia, ila si yale.

Kosa lilikuwa langu, si la mfumo. Kusahau huko ndiko kunakoifanya kompyuta ya maktaba au ya darasa irudi katika usafi wake kila inapowashwa, bila alama ya mtumiaji aliyetangulia. Tiny Core huonyesha wazi mgawanyo huu: mtumiaji huorodhesha majalada ya kuhifadhiwa, nayo hunakiliwa nje wakati wa kuzima na kurudishwa wakati wa kuwasha. Yasiyoorodheshwa huenda zake.

Darasani sasa natumia "kumbukumbu ya muda" kwa chombo hiki, na "hifadhi" kwa diski, flashi na kila kinachobaki baada ya umeme kukatika. Mwenzangu mmoja amependekeza "ubao", kwa kuwa mwalimu huandika, akafuta. Neno hilo lanivutia, lakini ubao hubaki na maandishi hata taa zikizimwa, na hapo ndipo penye ugomvi wetu ambao haujesha. Kamusi zinazolieleza "kumbukumbu" kwa maana ya kompyuta zingetusaidia kama zingetaja umeme katika fasili yenyewe.