Bembea Iliyolazwa Barabarani

Msomaji wetu mmoja wa Kampala, anayefanya mazoezi kwenye rampu za Kitintale, ameniandikia akiuliza maswali mawili kwa mpigo. La kwanza: ameona video ya mashindano ya slalomu, watu wanapita na skeitibodi katikati ya koni zilizopangwa mstari mmoja, na ana hakika hakuna aliyeshusha mguu kusukuma chini, ilhali mwendo ulikuwa ukiongezeka. Je, ni mteremko tu? La pili: akitaka kuanza mchezo huo, atafute ubao wa namna gani?

Jibu la swali la pili limo ndani ya la kwanza, ndiyo maana nimefurahi yamekuja pamoja. Namna ya kupanda ubao, mguu upi utangulie, namna ya kuanguka bila kuumia sana, hayo kijana wa Kitintale anayajua tayari. Nayaruka.

Mteremko upo, na mashindano mengi hufanyika kwenye barabara inayoshuka. Lakini mpanda ubao hodari hupita koni hata kwenye lami tambarare, akamaliza akiwa na kasi kubwa kuliko aliyoanza nayo. Magurudumu hayana injini na barabara haimpi kitu. Nishati yote inatoka magotini, na inageuka kuwa mwendo kwa njia ambayo kila mtoto aliyewahi kusimama juu ya bembea anaijua kwa mwili wake, hata kama hajawahi kuelezwa.

Mtazame mtoto huyo. Hakuna anayemsukuma. Bembea inapofika juu kwa nyuma, anachuchumaa. Inapopita chini kabisa, ananyoosha magoti, anasimama wima. Inapofika juu kwa mbele, anachuchumaa tena. Kila safari bembea inapanda zaidi. Siri yote ni wakati gani ananyoosha. Bembea inapopita chini ndipo ina kasi kubwa, na ndipo kamba zinakaza kuliko mahali pengine popote, kwa sababu zinabeba uzito wa mtoto na papo hapo zinamgeuza njia ili asichomoke kwenda moja kwa moja. Kusimama wakati huo ni kama kuinua mtu mzito kuliko yeye; magoti yanafanya kazi kubwa, na kazi hiyo yote inaingia kwenye mwendo. Kule juu, bembea inapotaka kugeuka, kamba zinalegea kidogo na mwili unakuwa mwepesi. Kuchuchumaa hapo kunarudisha sehemu ndogo tu ya ile kazi. Ameweka kikubwa, ametoa kidogo, na tofauti inabaki kuwa kasi. Hesabu pia mara anazosimama: mara mbili kwa kila safari ya kwenda na kurudi, kila anapopita chini.

Sasa ichukue bembea hiyo uilaze barabarani. Kwenda mbele na nyuma kunakuwa kushoto na kulia, huku kitu kizima kikisonga mbele. Kazi ya kamba inafanywa na magurudumu yanayoing'ang'ania lami kwa ubavu. Pale chini kabisa pa bembea ndipo kwenye kona kali, ubavuni mwa koni: hapo miguu inabanwa kwa nguvu kuliko popote. Zile ncha mbili za juu zinakuwa mahali ubao unapokata mstari wa koni kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Hapo njia ni karibu kunyooka, hakuna kinachobana, miguu imebeba uzito wa kawaida au pungufu. Mpanda ubao anakunja magoti, ubao unapita chini ya mwili wake, kisha kona inapokaza ananyoosha miguu na kuusukumia ubao nje. Magoti yananyooka mara mbili kwa kila wimbi, yaani mara moja kwa kila koni. Fizikia ya bembea na ya slalomu ni ileile, hata kwa idadi ya misukumo.

Rudi kwenye video, uitazame polepole. Angalia mabega. Yanasafiri karibu mstari mnyoofu, kana kwamba mtu amesimama ndani ya basi. Kuanzia kiunoni kwenda chini ndiko kila kitu kinayumba. Hilo ndilo linalomdanganya mtazamaji. Kazi inafanyika chini ya kiuno, na sisi tumezoea kutazama uso.

Wenyewe wanasema kupampu. Neno hilo halijanikaa, maana pampu huvuta kitu kutoka nje na kukiingiza ndani, na hapa hakuna kinachoingia. Nimejaribu kusukumia, nimejaribu kupepea, yote yanaacha nje wakati wa kukunja magoti, ambao ni nusu ya jambo. Nitasema kubembea.

Tupige hesabu ndogo. Mpanda ubao ana kilo 65 na anakwenda mita 5 kwa sekunde. Mwendo wake una jouli 812 hivi. Ubavuni mwa koni miguu inasukuma kwa newtoni 600 zaidi ya inavyosukuma wakati wa kukunja magoti, na inanyooka sentimita 5 tu. Zidisha, unapata jouli 30. Kwa koni moja, kasi inapanda kutoka mita 5 hadi mita 5.09, badiliko ambalo jicho halilioni. Kwa koni 30 anatoka na mita 7.26 kwa sekunde: kilomita 26 kwa saa badala ya 18, bila kushusha mguu. Hewa na msuguano wa magurudumu vinakula sehemu yake, lakini umeona picha. Ukitaka kujua binadamu anaweza kulifanya hili kwa haraka kiasi gani, mwaka 2011 mjini Riga, Janis Kuzmins wa Latvia alipita koni 100 kwa sekunde 20.77. Ni karibu koni tano kila sekunde, magoti yakikunjwa na kunyooshwa mara tano kabla hujamaliza kutamka jina lake.

Haya yote yanasimama juu ya sharti moja: magurudumu yasiteleze kwa ubavu. Yakiteleza, ni kama kamba ya bembea imekatika, na msukumo wako unaishia kukwangua lami. Miaka ya 1960 watu walipanda mbao zenye magurudumu ya chuma au ya udongo mgumu, na kokoto moja ilitosha kumtupa mtu. Mapema miaka ya 1970 Frank Nasworthy alikutana na magurudumu ya yurethani, yaliyokuwa yametengenezwa kwa ajili ya viatu vya magurudumu, akayafunga chini ya ubao, kisha akaanza kuyauza California kwa jina la Cadillac Wheels. Yurethani hujibonyeza kidogo, ikazishika chembe za lami badala ya kuruka juu yake. Miaka michache baadaye watu walikuwa wakishindana slalomu kwenye barabara za La Costa, hukohuko California, na Bobby Turner akitengeneza mbao za faibaglasi zilizoinuka kidogo katikati, zinazorudi juu kwa nguvu zikikanyagwa. Mchezo ulilala kwa muda mrefu, ukafufuka karibu na mwaka 2000.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kitu cha kwanza cha kubadilisha ni magurudumu. Ya ubao wa rampu huwa na kipenyo cha milimita 52 hadi 54 na ugumu wa karibu 99A, namba ambayo mara nyingi imechapwa kwenye gurudumu lenyewe. Ni mazuri kwenye zege laini, lakini kwenye lami yanateleza. Ya slalomu yana milimita 60 hadi 70 na ugumu wa kati ya 78A na 85A. Weka yaliyo laini zaidi nyuma, kwa kuwa huko ndiko unakosukumia. Beringi zako za sasa zitaingia bila taabu. Gurudumu kubwa litagusa ubao ukilala sana, na likigusa linasimama ghafla nawe unaendelea; weka kipande cha kuinua traki kabla hujajaribu.

Traki, kile chuma kinachoshika ekseli chini ya ubao, ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ukiulaza ubao kwa mguu, ekseli inageuka, kwa sababu mhimili ambao traki inazungukia umeinama. Mwaka 1979 mhandisi Mont Hubbard wa California alichapisha uchambuzi wa jambo hili, na fomula ni fupi kiasi cha kuandikwa kiganjani: tanjenti ya pembe ya ekseli ni tanjenti ya mwinamo wa mhimili mara sini ya pembe ya ubao ulivyolala. Mhimili ukiwa umelala kabisa, ubao unainama bila kugeuka. Kadiri unavyosimama, ndivyo ekseli inavyogeuka zaidi.

Chukua ubao wenye sentimita 50 kati ya ekseli na ekseli, uulaze nyuzi 15. Kama traki zote mbili zina nyuzi 45, kila ekseli inageuka nyuzi 14.5, na ubao unachora duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 97. Sasa weka nyuzi 60 mbele na 25 nyuma. Ya mbele inageuka nyuzi 24, ya nyuma 7 tu, na duara ni sentimita 88. Ukubwa wa kona haujabadilika sana, utasema. Lakini kwenye kila ubao unaokata kona kuna nukta moja isiyokwenda pembeni kabisa, inayosonga mbele tu, na sehemu nyingine zote zinazunguka kuhusiana nayo. Kwenye ubao wa kwanza nukta hiyo iko katikati, sentimita 25 kutoka kila ekseli. Pua inaingia ndani ya kona na mkia unatoka nje. Kwenye ubao wa pili nukta imerudi nyuma, ikakaa sentimita 10 na kidogo tu mbele ya ekseli ya nyuma. Hapo ndipo mguu wako wa nyuma ulipo. Una mahali patulivu pa kukanyaga kwa nguvu zako zote, na mguu wa mbele uko huru kuchagua njia.

Ndiyo maana mbao za slalomu zina traki mbili zisizofanana. Bennett mbele na Tracker nyuma ni mpangilio wa zamani ambao wengi walianzia, na leo kuna traki za mashindano za bei kubwa ambazo huzihitaji. Traki zako za rampu zinaweza kubadilishwa mwinamo kwa kabari ya plastiki inayowekwa chini ya kitako. Kabari ikielekezwa upande mmoja inaongeza mwinamo, ukiigeuza inaupunguza. Ili kujua, pindua ubao juu chini, ulaze traki kwa mkono, utazame ekseli inageuka kiasi gani. Weka bushi laini mbele na ngumu nyuma, na usiilegeze nati ya nyuma kwa tamaa ya kukata kona kali, maana kwenye kasi ubao utaanza kutikisika wenyewe. Mtafiti Balázs Várszegi na wenzake walichapisha mwaka 2016 hesabu za mtikisiko huo, zinazotia ndani hata ule muda mfupi ambao miguu ya binadamu huchelewa kuitikia.

Ubao wenyewe nausemea kidogo. Uwe mwembamba, kama sentimita 20, urefu sentimita 70 hadi 80, usiolegea sana, na ufungie kijiti kidogo mbele ya mguu wa mbele, kwa sababu siku mguu utakapotoka kwenye ubao, utakuwa ni huo wa mbele. Vaa helmeti na glavu.

Koni usinunue. Chora alama 12 kwa chaki kwenye lami yenye mteremko mdogo, mita 2 kati ya moja na nyingine, uzipite ukiwa na mwendo wa mtu anayetembea haraka. Wewe umebembea tayari bila kujua: unaposimama kwenye mkunjo wa rampu ili upande juu upande wa pili, ni magoti yaleyale na wakati uleule. Sikiliza magurudumu. Yakikwaruza, unasukuma mapema, kabla kona haijakaza. Yakinguruma kwa sauti nzito kila ubavuni mwa alama, weka vikombe vya plastiki juu ya chaki, kisha wiki ijayo visogeze hadi mita 1.8.