Dhiki Iliyozaa Mibuni Mipya

Msafiri apitaye Nyeri, Karatina, Kerugoya na Embu huona mibuni katika miteremko ya Mlima Kenya. Katika mashamba mengine mibuni ni mirefu, ya aina za zamani. Katika mengine ni mifupi, nayo imepandwa karibu karibu. Tofauti hiyo haikuletwa na tamaa ya mambo mapya, bali na dhiki ya wakulima.

Dhiki ya kwanza ni ugonjwa uitwao chulebuni, uliotambuliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1922. Ugonjwa huu huletwa na kuvu ishambuliayo matunda yangali mabichi, yakaingia mabaka meusi na kukauka mtini. Baridi na mvua huuzidisha, na kwa sababu hiyo nchi za juu, kama Nyeri, huumia zaidi. Aina ya SL28, iliyochaguliwa na Maabara ya Scott miaka ya 1930, husifiwa duniani kwa utamu wa kahawa yake, walakini haina kinga. Mwenye mibuni hiyo hana budi kunyunyiza dawa mara nyingi kila msimu. Akikosa fedha za dawa katika mwaka wa mvua nyingi, aweza kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno.

Dhiki ya pili ni uhaba wa ardhi. Shamba la baba likigawanywa kwa wanawe, kila mmoja hubaki na kipande kidogo, naye hutaka kipande hicho kizae zaidi.

Kwa ajili hiyo wataalamu wa kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru walitafuta mibuni yenye kinga hata nchi za mbali, mmojawapo kutoka Sudan na mwingine kutoka kisiwa cha Timor, wakaichanganya na mibuni yenye ladha njema. Mwaka 1985 ikatolewa aina ya Ruiru 11. Hii huhimili chulebuni na kutu ya majani, na kwa ufupi wake eka moja huchukua kama mibuni 1,000, ambapo aina za zamani ni kama 540 tu.

Hata hivyo kasoro ilikuwapo. Mbegu za Ruiru 11 hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono, na mbegu ambazo mkulima huchuma shambani mwake hazizai miche ifananayo na mama. Basi miche ikawa haba. Kasoro hiyo nayo ilisaidia kuleta aina nyingine, Batian, iliyotolewa mwaka 2010 na kupewa jina la kilele kirefu cha Mlima Kenya. Mbegu ya Batian huzaa mfano wake.

Asiyetaka kung'oa mibuni ya zamani aweza kuibebesha: hukata shina la SL28, akaunganisha kikonyo cha aina mpya. Mizizi ya zamani, iliyokwisha kwenda chini sana, hulisha matawi yenye kinga. Lakini kinga hiyo haizuii wadudu, wala haishiki mahali pa mbolea na kupogoa.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkulima ndiye alalaye kitanda hiki. Amweleze bwana shamba taabu aionayo mapema, kwa kuwa kila aina mpya ilianza na taabu iliyoonekana shambani.