Jotoardhi Majumbani: Istilahi Moja, Mifumo Miwili, kwa Mfano wa Kinanira, Bujumbura

Neno jotoardhi limezoeleka katika Kiswahili kwa njia ya umeme. Msomaji wa Afrika Mashariki akilisikia huwaza Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya, ambako mtambo wa kwanza wa mvuke ulianza kazi mwaka 1981. Mwenye kumbukumbu ndefu zaidi atataja Kiabukwa, Katanga, palipokuwa na mtambo mdogo katika miaka ya 1950. Katika matumizi hayo ardhi ni tanuri. Tatizo hujitokeza istilahi hiyohiyo inapotumiwa kutafsiri mifumo ya kupasha joto na kupoza nyumba, iliyoenea Sweden, Uswisi na Marekani. Humo ardhi si tanuri, bali ghala. Makala haya yanafafanua utendaji wa mifumo hiyo na kuupima katika mtaa wa Kinanira, kusini mwa Bujumbura, ambako mkanganyiko huo wa neno unaweza kumgharimu mwenye nyumba fedha nyingi.

Mfano wa karibu ni friji. Friji haitengenezi baridi. Huondoa joto katika chakula na kulitupa nyuma yake, na aliyewahi kupitisha mkono hapo analijua. Ndani ya mabomba yake, gesi iliyo katika hali ya kimiminika huvukizwa kwa kanieneo ndogo na kufyonza joto. Kompresa huikandamiza, nayo hupata moto. Kisha huachia joto lake upande wa pili, hurudi kuwa kimiminika, hupita katika tundu jembamba ambamo kanieneo hushuka, na mzunguko huanza upya. Pampu ya joto ya nyumbani ni mashine hiyohiyo, ila upande mmoja ni vyumba na upande wa pili ni udongo. Kwa kuwa umeme hutumika kulihamisha joto na si kulizalisha, yuniti moja ya umeme huweza kuhamisha yuniti tatu au nne za joto. Valvu moja ikigeuza mwelekeo wa gesi, mashine iliyopasha joto hupoza.

Upande wa udongo huhitaji mabomba ya plastiki yenye maji, yaliyolazwa mita moja au mbili chini ya ardhi au kuteremshwa katika mashimo yenye kina kinachoweza kuzidi mita 100. Kuanzia kina cha takriban mita 10, majira ya mwaka hayahisiki tena, na halijoto ya ardhi hukaribia wastani wa mwaka wa mahali husika. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Katika nchi zenye theluji, hewa ya Januari huwa chini ya sifuri ilhali ardhi ina nyuzi kadhaa juu yake. Joto huchukuliwa wakati wa baridi na kurudishwa wakati wa kiangazi.

Kinanira hakuna Januari ya namna hiyo. Wastani wa mwaka wa Bujumbura ni takriban nyuzi 24 za Selsiasi, na ardhi ya huko haiwezi kuwa mbali na kiwango hicho. Hata Ziwa Tanganyika halifichi baridi: maji ya vilindi vyake, zaidi ya mita 1,400 chini, yana takriban nyuzi 23, ilhali mji wa Toronto hupoza majengo kwa maji ya Ziwa Ontario yenye nyuzi 4 hivi. Saa nane mchana, hewa ikiwa na nyuzi 30, kutupa joto ardhini humpunguzia kompresa kazi. Usiku hewa ikishuka chini ya nyuzi 20, dirisha lililo wazi hufanya kazi hiyo bure.

Lililo zito zaidi ni kwamba ghala linalopokea bila kutoa hujaa. Nyumba inayopozwa mwaka mzima huupasha moto udongo unaozunguka mashimo, na faida hupungua mwaka hadi mwaka, isipokuwa pale maji ya chini ya ardhi yanapotiririka na kuubeba ujoto huo. Njia ya busara ni kulielekeza joto la vyumba kwenye tangi la maji ya kuoga kabla halijafika ardhini. Kwa familia kubwa sehemu hiyo huenda ikawa na manufaa kuliko upozaji wenyewe.

Burundi ina jotoardhi kwa maana ya Olkaria, angalau kwa dalili: chemchemi za maji moto za Mugara, karibu na Rumonge, ni mfano. Lakini shimo la uani Kinanira halichimbwi kutafuta maji hayo. Kwa hiyo istilahi pampu ya joto la ardhini yafaa kutumiwa kwa mifumo ya nyumba, na jotoardhi libaki kwa joto la vilindini. Mnunuzi anayeambiwa jotoardhi huuliza shimo litafika kina gani. Anayeambiwa pampu huuliza swali linalofaa zaidi: joto la nyumba yake litakwenda wapi mwaka wa tano.