Maelezo ya Zana Zitumiwazo na Mawakala wa Akili Mnemba

Kufafanua maana ya neno kwa ufupi na bila utata ilikuwa kazi ya watunga kamusi. Siku hizi kazi hiyo imewafikia watunzaji wa data pia, maana mikusanyo ya matini na ya sauti imeanza kusimamiwa na mawakala wa akili mnemba. Wakala ni programu ipokeayo ombi kwa lugha ya kawaida, kisha ikachagua yenyewe zana ya kulitimizia: moja hutafuta, nyingine huhesabu, nyingine hufuta. Aghalabu wakala haoni undani wa zana hizo. Alichopewa ni jina la zana, maelezo mafupi, na nafasi za kujazwa kabla zana haijaitwa. Ndivyo ulivyo utaratibu wa Model Context Protocol, uliotangazwa na kampuni ya Anthropic mwezi wa Novemba 2024. Maelezo yakiwa na kiza, wakala atakisia.

Tuliangalie neno futa. Mwalimu akifuta ubao, maandishi huondoka na ubao hubaki. Bunge likifuta sheria, sheria yenyewe haipo tena. Je, zana iliyoandikiwa “Hufuta jedwali” hufanya lipi katika hayo mawili? Lugha ya SQL, itumiwayo kwa majedwali ya data, imetenga vitenzi vitatu: DELETE huondoa mistari iliyochaguliwa, TRUNCATE huondoa mistari yote na kuliacha jedwali tupu, na DROP huliondoa jedwali lenyewe. Nasi yatupasa kuzitenga maana hizo, ijapokuwa kwa maneno mengi zaidi: “Huondoa mistari iliyotajwa, jedwali hubaki. Mistari iliyoondolewa hairudishiki. Kwa kuficha mistari kwa muda, tumia zana ya ficha_mistari.” Sentensi ya kati ndiyo watu waisahauyo, nayo ndiyo nzito kupita zote. Sauti za wazee waliokwisha kufariki hazirekodiwi mara ya pili.

Lakini kufuta angalau huonekana. Ya hatari zaidi ni makosa yasiyopiga kelele. Tuseme mtafiti ameomba matini yote ya Kiswahili, na zana ina nafasi iitwayo “lugha”, bila neno zaidi. Wakala ajaze nini? Katika kanuni za ISO 639, alama ya herufi mbili ni sw. Katika zile za herufi tatu, swa ni Kiswahili kwa ujumla wake, na chini yake zimo swh na swc, hii ya mwisho ikiwa ni Kiswahili cha Kongo. Mikusanyo yenyewe haipatani: Common Voice ya Mozilla huandika sw, FLEURS huandika sw_ke, na FLORES-200, iliyotolewa mwaka 2022, huandika swh_Latn. Wakala akijaza sw mahali patakapo swh, huenda zana ikajibu kwamba haikuona kitu, naye atamwambia mtafiti, kwa adabu zote, kwamba Kiswahili hakimo. Akijaza swh peke yake, matini yaliyoandikwa alama ya swc yataachwa nje, wala hakuna atakayejua. Maneno machache yangaliziba pengo hilo: “Alama ya herufi tatu ya ISO 639-3, kama swh au swc, swa haikubaliwi, kila alama huombwa peke yake.”

Tarehe na saa ni hivyo hivyo. Tarehe 03/04/2024 kwetu ni ya Aprili, kwa Mmarekani ni ya Machi. Na saa 2 ya asubuhi aliyoiandika mhoji wa Pemba ni 08:00 kwa mashine. Itajwe sura itakiwayo, yaani 2024-04-03.

Hapana budi kutaja pia mpaka wa jibu. Zana nyingi za kutafuta hurudisha sehemu tu, tuseme mistari 100 ya kwanza, ili wakala asijaziwe nafasi yake ya kusomea. Asipoambiwa, huenda akahesabu 100 na kutoa habari kwamba ndiyo yote iliyopo.

Wako waonao kwamba dawa ni kuandika kurasa nzima. Sikubaliani nao. Maelezo nayo hula nafasi ile ile ya wakala, na sentensi tatu au nne zilizopimwa hutosha. Majina kama shughulikia_data hayasemi lolote. Na zana mbili zisizotofautishika kwa sentensi moja yafaa ziunganishwe.

Majaribio yake ni mepesi. Mpe wakala nakala ya data, wala si data yenyewe, kisha umwombe aondoe rekodi zenye kelele. Akichagua kufuta mahali ulipotaka kuficha, sahihisha maelezo ya zana zote mbili, kwa kuwa wakala huchagua moja kwa kuilinganisha na ya pili.