Kilometa mia moja juu ya kinga, mu mashamba ya Denmark

Kutoka Viborg mupaka Jelling, njia ya zamani ya waaskari na ya ng'ombe imekuwa leo njia ya kinga. Tuliipita kwa siku moja, mu mwezi wa sita, pamoja na mutu mwenye aliapa kama hatapanda kinga tena.

Kwetu Uvira, kinga ni kazi. Mutu anaijaza makala, muhogo ao muchele wa Ruzizi, na fasi njia inapanda anashuka na kusukuma. Yaya wangu alifanya hiyo kazi miaka sita, kati ya Kamanyola na Uvira. Siku moja kamioni ilimutupa pembeni ya barabara. Mifuko ya makala ilipasukia mu gudron, na muguu wake wa kuume haukurudia kuwa sawa. Shofere hakusimama. Alipotoka ku lopitalo aliuzisha ile kinga na akasema: imeisha.

Kisha miaka mingi ya ukimbizi, Denmark ilimupokea yeye, bibi yake na watoto. Mwaka huu nilienda kuwatembelea. Siku ya tatu alinifungulia garaji: kinga mbili, mifuko ya mayi kila upande, taa, pompi. "Mudogo, kesho-kutwa tunatembea kilometa mia moja." Nilizani anacheka. Alikuwa amekwisha kulipa tikiti za treni ya kwenda Viborg, zetu na za kinga pia, juu kule kinga inasafiri mu treni sawa abiria.

Njia namba 3

Tangu mwaka 1993, Denmark iko na njia za kinga zenye kuvuka inchi yote, kila moja na namba yake. Hauombi mutu akuongoze. Ku kila njia panda kuko kibao cha bulu chenye picha ya kinga, na namba mu kisanduku chekundu. Sisi tulifuata namba 3, yenye kuitwa Hærvejen, ni kusema "njia ya jeshi". Inashuka katikati ya Jylland, kutoka kaskazini mupaka Padborg ku mupaka wa Ujerumani, zaidi ya kilometa 400.

Kama ni jeshi tu, haingejulikana vile. Kwa mamia ya miaka wachungaji walipitisha hapa maelfu ya ng'ombe, kwa miguu, kwenda kuwauzisha mu masoko ya kusini kama vile Wedel, karibu na Hamburg. Wafalme walipita hapa pia: mupaka mwaka 1655, Viborg ilikuwa muji wa kushangilia mufalme mupya.

Tuliondoka Viborg saa kumi na mbili ya asubui. Jua lilikuwa limetoka zamani, juu mwezi wa sita kule usiku ni mufupi sana. Watu wanasema Denmark ni sawa meza, na ni kweli kama kilima chao kirefu kupita vyote, Møllehøj, hakifike mita 171. Mutu mwenye alikomalia chini ya milima ya Mitumba anaweza kucheka. Mimi nilicheka mupaka Dollerup, karibu na ziwa la Hald, fasi vilima vinafuatana kimoja nyuma ya kingine. Pale nilishuka na kusukuma. Yaya alinipita bila kusema kitu, lakini niliona mabega yake yanacheka.

Mulima wa kweli wa Denmark ni upepo. Unatoka ku bahari ya mangaribi na hauchoke. Kilometa kumi na upepo usoni ni sawa kupanda kutoka Uvira kwenda ku milima na mufuko mumoja mugongoni. Yaya alinifundisha: kaa nyuma yangu, karibu, usiangalie mbali, angalia gurudumu langu tu. Kila dakika kumi tulibadilisha.

Viazi bila muuzaji

Karibu na Thorning tulipita Grathe Hede, fasi wafalme wawili walipigania kiti mwaka 1157, na mwenye kushinda, Valdemar, akabaki na inchi yote. Leo hakuna kelele, ni mashamba na miti tu. Zamani sehemu hii yote ilikuwa pori kavu lenye muchanga. Mwaka 1759 na miaka yenye kufuata, mufalme aliita Wajerumani waje kulilima. Walikuja na viazi, na watu wa pale wakawaita "Wajerumani wa viazi". Mingi kati yao walishindwa na ule udongo na kwenda zao, lakini viazi vilibaki.

Tulivikuta pembeni ya njia: meza ndogo yenye paa, mifuko ya viazi, mayai, visanduku vya fraizi, bei imeandikwa ku kibao, na kisanduku cha feza. Muuzaji hakuna. Kuko na namba ya kulipa kwa telefone, kwa mwenye hana makuta.

"Mwaka wa kwanza," yaya aliniambia, "nilisimama hapa dakika kumi nikingojea mwenye meza. Nilisema nikikamata mbele hajakuja, wataniita mwizi."

Tulilipa, tukakula fraizi tukiwa tumesimama. Sijakula zingine tamu vile.

Kamioni ya maziwa

Sasa nifike ku jambo lenye lilinifanya niandike.

Mutu asifikiri kama Denmark yote iko na njia ya kinga ya pembeni. Mu miji, ndiyo, mingi sana. Lakini mu mashamba, mara mingi kinga na gari vinagawana barabara moja ndogo. Kisha Kragelund, nilisikia kamioni nyuma yetu, ya kubeba maziwa, ndefu. Niliona mabega ya yaya yanapanda. Mikono ilikaza gidon mupaka vidole vikawa vyeupe. Hakugeuka.

Kamioni haikupiga honi. Ilipunguza mwendo na kutufuata polepole, mita makumi nyuma, dakika nzima ao mbili. Njia ilipokuwa wazi mbele, ilitoka kabisa ku upande wa pili, ikatupita mbali, na shofere akainua mukono. Ni vile tu. Yaya alisimama kisha mita mia, akakunywa mayi.

"Kila mara ninazani ni ile," akasema. "Ni miaka tano sasa ninapanda kinga hapa, na kila mara ninazani ni ile."

Nilimuuliza kama wazungu wa hapa walizaliwa na hii roho. Akakataa. Hapa watoto wanajifunza barabara ku masomo na wanafanya mutihani wa kinga. Shofere mwenye anageuka kuume ni lazima aache kwanza kinga yenye kwenda moja kwa moja ipite, ni sheria. Na watu waliomba hizi sheria. Shirika lao la watu wa kinga liko tangu mwaka 1905. Kisha vita ya pili ya dunia, magari yaliongezeka, na kinga zikaanza kusukumwa pembeni hata hapa. Halafu mwaka 1973 petroli ikakosekana, serikali ikakataza magari siku ya yenga, na watu wakatembea na kinga mu barabara kubwa zenye zilikuwa za magari tu. Miaka yenye ilifuata walitoka kwa maelfu mu Copenhagen kudai fasi yao. Walipewa juu walidai.

Chemchemi mbili

Saa sita tulifika ku Bølling Sø. Karibu na hapa, mwaka 1950, watu wenye kuchimba udongo wa kuwasha moto walikuta maiti ya mwanaume, na uso wake muzima kabisa hivi waliita polisi. Kumbe alikuwa amekufa zaidi ya miaka 2.300 mbele. Kamba ilikuwa ingali ku shingo. Wanamuita mutu wa Tollund, na leo iko mu nyumba ya makumbusho ya Silkeborg.

Mu misitu ya Vrads, mupira wangu ulitoboka. Mama mumoja mwenye nywele nyeupe, juu ya kinga yake, alisimama kuuliza kama tuko na kila kitu. Yaya alikwisha kugeuza kinga miguu juu na alikuwa anatafuta tundu kwa shavu, kusikia upepo, sawa vile alifanya pembeni ya njia ya Kamanyola. Hakumaliza dakika kumi. Yule mama alipiga mikono.

Nørre Snede tulijaza mayi ku robine ya makaburi ya kanisa, kama wasafiri mingi wanafanya. Kisha, karibu na Tinnet, yaya alinionyesha kitu chenye alitaka nione: chemchemi mbili, kati yao ni mita mamia kidogo tu. Moja inazaa Gudenå, muto murefu kupita yote ya Denmark, wenye kwenda mashariki. Ingine inazaa Skjern Å, wenye kwenda mangaribi. Njia ya ng'ombe ilipita kati yao, ku mugongo wa inchi, kusudi watu na nyama wasivuke muto mukubwa hata mumoja. Wazee wa zamani walichagua fasi yenye haiue mutu.

Jelling

Tulifika Jelling saa mbili ya mangaribi, jua lingali juu. Pale kuko vilima viwili vyenye watu walijenga kwa mikono, kanisa jeupe, na majiwe mawili yenye maandishi. Jiwe kubwa ni la mufalme Harald, wa miaka ya 900. Linasema alikamata Denmark yote na Norway, na aliwafanya Wadenmark kuwa wakristo. Jina lake la kupanga lilikuwa Bluetooth, na ni yeye mwenye aliachia jina ile Bluetooth ya mu telefone zetu. Alama yake ni herufi mbili za jina lake mu maandishi ya zamani.

Yaya hakuangalia sana jiwe. Alikaa mu majani, akanyoosha muguu wa kuume na kuukanda.

"Kutoka Kamanyola mupaka Uvira ni kilometa karibu makumi munane," akasema. "Walipotengeneza ile barabara, wangeacha mita moja tu kila upande. Mita moja, mudogo. Ni feza ngapi?"

Sikuwa na jibu. Treni ilikuwa karibu kufika. Alisimama polepole, akainua kinga yake, kisha akasukuma na yangu.